Honi ya Nyumbani

9 Februari

Dada,

Shikamoo. Pokea kwanza salamu za nyumba nzima, jambo lenyewe liko chini huko, usilirukie.

Sisi ni wazima. Mdogo ameota meno mawili ya chini na anayajaribia kwangu kila nikimnyonyesha. Bibi Kwa Nini ametimiza miaka minne na maswali hayajapungua hata moja. Jana kaniuliza kwa nini kivuli hakilowi kikipita juu ya maji, nikamwambia amsubiri baba yake. Baba yao yuko saiti, wanaweka vigae kwenye jengo la ghorofa. Huja mara moja kwa mwezi na magoti yamevimba kama mikate. Cherehani yangu bado iko kati ya kitanda na dirisha. Sare za shule zimejaa mpaka kwenye kitanda cha mtoto, kwa hiyo mguu mmoja unakanyaga pedali na mwingine unabembeza. Usingizi naujua kwa kusimuliwa.

Haya. Jambo lenyewe ni gari la baba.

Najua ukiliona neno hilo utataka kuikunja karatasi. Ndiyo maana nimeandika. Kwenye simu kila nikilitaja unasema mtandao mbaya, halo, halo, kisha kimya. Karatasi haina mtandao.

Spana, fundi wa hapa jirani, amekuja tena. Anasema gari la mkate limekaa chini ya turubai miaka miwili tangu baba afariki, tairi zimeanza kuota mizizi. Anataka kulichinja. Injini aichukue yeye, milango ina mtu wake, na lile boksi la nyuma lina mtu wa kuku. Boksi la mkate, dada, liwe banda la kuku. Sijamjibu. Baba alisema gari ni letu sisi wawili. Watu husema asiyekuwepo na lake halipo, lakini mimi nasema lako lipo, ndiyo maana nakuuliza.

Ila nina ombi kabla hatujaamua. Nataka siku moja. Nipite nalo barabara ya pwani kama alivyokuwa akipita yeye, kuanzia Ngazini mpaka Mwisho wa Lami. Unakumbuka likizo za shule, wewe umekaa mbele unampigia honi, kila kijiji na honi yake, mimi nyuma nimelala juu ya makreti. Safari hii nataka kuwa peke yangu. Kiti cha pembeni kiwe kitupu, asiwepo wa kuning'ang'ania titi wala wa kuniuliza kwa nini. Tangu nimzae wa kwanza sijakaa peke yangu hata chooni. Mlango ukifungwa, vidole vinapenya chini yake.

Mama mkwe amekubali kuja kushinda na watoto. Spana naye anasema atalifufua gari kwa siku hiyo, ila likinifia njiani nisimpigie yeye simu, nimpigie mtu wa kuku.

Nijibu.

Mdogo wako,
Chembe


3 Machi

Mdogo wangu Chembe,

Marahaba. Wanangu wabusu, yule wa meno mbusu kwa mbali. Bibi Kwa Nini mwambie kivuli hakina nguo, kitalowa nini.

Mimi nipo. Hoteli imejaa wageni na sisi wa dobi ndio tunaojua wamejaa kiasi gani. Kazi ni ile ile, kulisha mashuka kwenye roli la pasi, mimi pembe hii na mwenzangu pembe ile, mvuke unatupanda usoni. Mwenzangu ni mama mmoja tunamwita Bosi kwa sababu si bosi. Anasema uso wangu ni kama shuka letu, umenyooka lakini hakuna aliyeulalia. Nilicheka. Mlango wa nyuma wa dobi umetazamana na geti la jikoni, kwa hiyo upepo haukosekani, wala kelele.

Kuhusu gari, mpe Spana. Mpe alitoe lote, asiache hata tairi.

Hiyo siku yako sikunyimi, wewe ni mtu mzima. Lakini gari bovu, wewe peke yako, mtoto bado ananyonya, mimi sioni akili hapo. Ukitaka kupumzika, pumzika. Mama mkwe akija, funga mlango ulale.

Umeniuliza mara nyingi nitakuja lini. Leo nakujibu. Siku gari litakapoondoka hapo uani, nakata tiketi. Si kabla ya hapo. Na usiniulize sababu. Tangu mama atutoke ni mimi niliyekutoa chenga za mkate kwenye nywele kila jioni mpaka baba akakuita Chembe. Nadhani nina haki ya jambo moja nisilolieleza.

Nimetuma soksi za Mdogo. Kama ni kubwa, atazikuta.

Dada yako


28 Aprili

Dada,

Shikamoo. Usininunie kwa kuchelewa. Mdogo alishikwa na homa, ikamwachia yeye ikanishika mimi, na shule zikafunguliwa kabla sijamaliza sketi. Soksi zimemfika magotini. Anazivuta na kuzila. Baba watoto anakusalimu, ameniletea vipande vya vigae vilivyobaki, nimeviweka chini ya miguu ya cherehani, sasa haitembei tena nikishona.

Ile sentensi yako ya tiketi nimeisoma mpaka karatasi imelainika. Nikaona basi, jambo ni jepesi. Nimpe Spana gari, nimpate dada. Ila siku yangu niitumie kwanza.

Nilikwenda.

Asubuhi nilikamua maziwa nikajaza chupa mbili. Mama mkwe akanitazama ninavyofunga viatu, akaniambia niende salama ila nikumbuke kwamba nina maziwa. Nikamwambia nitawezaje kusahau, ninayabeba mwenyewe. Nikachukua chai kwenye chupa na mkate mmoja mzima wa asubuhi ile. Kabla ya kuondoka nilifungua boksi la nyuma. Dada, harufu bado imo. Hafifu, lakini imo. Na kwenye pembe kuna chenga zimekauka kama changarawe.

Nisikufiche, mwanzo nilifurahi kama mwizi. Niliteremsha kioo, nikaimba nyimbo zisizo na wanyama ndani yake. Bahari ilikuwa inachungulia kati ya kuta, inajificha, inachungulia tena. Nilikunywa chai ikiwa moto.

Nikafika ile kona yenye ukuta wa bluu, kabla ya Ngazini, na mkono ukaenda wenyewe. Honi moja ndefu. Sikuamua, mkono ndio uliokumbuka. Nikasimama palepale alipokuwa akisimama baba, chini ya zile ngazi za mawe, nicheke kidogo niendelee.

Milango ikafunguka. Watu wakaanza kushuka ngazi. Mama na beseni kiunoni, mzee na mfuko, kijana mmoja amenyoa shavu moja, la pili lina povu. Watoto waliokuwa bado wakibebwa mgongoni enzi za baba nao wakawafuata wakubwa wao. Miaka miwili, dada, na bado walijua mlio ule ni wa nini. Wakazunguka nyuma ya gari, wakasimama foleni. Na mimi nina mkate mmoja.

Mama wa kibanda, yule mwenye pengo, alinitambua. Akaja dirishani, akaniuliza taratibu kama baba bado ana hasira nao. Sikumwelewa. Akanieleza kwamba wiki ya mwisho ambayo baba alipita, mwanamke mmoja alimlalamikia kuwa mkate umelala. Baba akacheka, akambadilishia, akaondoka. Hakurudi tena. Basi kijiji kizima kikasema mzee amewasusa, na aliyewaponza ni yule mwanamke na mdomo wake. Tangu siku ile jina lake limekuwa Mkate Umelala. Wanamwita hivyo kisimani, wanamwita hivyo barabarani, hata mume wake humwita hivyo akikasirika. Alikuwa kwenye foleni, wa mwisho kabisa, ametazama pembeni.

Hatukuwaambia, dada. Tulimzika, tukapokea pole za mtaa wetu, tukafunika gari turubai. Hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba kule barabarani kuna watu wanasubiri. Sisi tulikuwa tunajua, tukadhani dunia nzima inajua.

Nikashuka garini. Nikasema, "Baba amefariki. Ni mwaka wa pili sasa. Hakuwa na hasira na mtu."

Yule mwanamke alikaa kwenye ngazi, akaliweka beseni mapajani, akainama juu yake akalia. Sijui alimlilia baba au aliililia miaka yake miwili. Nikamchukulia ule mkate wangu, nikauweka ndani ya beseni, nikamwambia, "Huu haujalala, ni wa leo." Yule kijana wa povu ndiye aliyeanza kucheka, kisha mama wa kibanda, kisha yeye mwenyewe, anacheka na machozi yanashuka.

Baada ya hapo ningepitaje vile vingine kimyakimya. Virakani nikapiga mbili fupi. Huko walikwisha kumwozesha. Fundi viatu aliniambia walisema mzee amepata jiko jipya huko mbele, amenogewa, hatoki tena. Walikuwa wanacheka wanaponieleza, na nilipowaambia wakaona haya, fundi akaishika sindano yake hewani muda mrefu. Chumvini nikapiga tatu fupi na moja ndefu. Wanaume waliacha reki zao kwenye chumvi wakaja mpaka barabarani. Mmoja akanitazama akasema mimi ni yule wa kulala, na yule wa honi yuko wapi. Anasema siku ulipokuwepo walijua, kwa sababu ile ndefu ya mwisho uliivuta mpaka mbwa wakajibu. Nikamwambia uko mbali, kazini. Akauliza, hajambo? Nikasema hajambo. Sikujua kama nasema kweli.

Mwisho wa Lami baba hakuwa anapiga honi, unakumbuka. Alizima injini pale juu, gari likateremka lenyewe, na watu walikuwa wamekwisha kusimama. Nikafanya vivyo hivyo. Hakukuwa na aliyesimama. Nilimkuta mtu mmoja anasuka viti, nikamwambia yeye, akasema atawafikishia wengine. Ilikuwa adhuhuri. Nikageuza gari nikarudi. Nilipofika nyumbani giza lilikuwa limeshaingia na Mdogo analia.

Gari bado lipo uani. Hilo nitakuandikia nikipata nguvu.

Chembe


30 Juni

Chembe,

Marahaba. Barua nimeipata siku nyingi. Niko salama. Bosi ameungua mkono kwenye roli, nimewekwa na msichana mgeni anayevuta shuka kama anavuta ng'ombe.

Sina mengi. Nina maswali mawili.

Mwisho wa Lami ulifika adhuhuri. Kutoka pale mpaka nyumbani, hata baba na mwendo wake wa polepole, chai ya alasiri alikuwa anainywa kwetu. Wewe umefika giza limeingia. Hapo katikati umenirusha. Ulikuwa wapi?

La pili. Umeniandikia honi ya Ngazini, ya Virakani na ya Chumvini. Ya nyumbani hukuiandika. Kwa nini?

Dada yako


16 Julai

Dada,

Shikamoo. Mpe Bosi pole. Hapa watoto wazima. Mdogo amesimama kwa kushika pedali ya cherehani, amejibana kidole, sasa anaitazama kama adui. Bibi Kwa Nini anataka kujua shangazi zake wapo wangapi na mama wakubwa wapo wangapi na kwa nini wewe ni mama mkubwa kama hujawahi kuwa mkubwa mbele yake. Nikamwambia swali hilo limefika mahali pake, nitalituma.

Nakujibu. Nimeandika barua hii mara tatu nikaichana. Hii siichani.

Mwisho wa Lami lami inakwisha lakini barabara haikwishi. Unaijua ile njia ya vumbi inayoendelea kando ya bahari. Baba hakuwahi kuishika hata siku moja. Mimi niliishika. Mafuta yalikuwepo. Nikaenda mpaka nyumba zikaisha, mpaka na mashamba yakaisha, kukabaki mchanga, majani na upepo. Nikazima gari nikakaa.

Sikulia. Ningelia ningekuambia. Niliwaza tu jinsi ilivyo rahisi. Watoto wana bibi yao, mwanamke mvumilivu kuliko mimi. Baba yao ni mtu mwema. Niliwapanga kichwani kama ninavyopanga sare, huyu wa bibi yake, yule wa baba yake, zote zimepata wenyewe, mezani hakijabaki kitu. Nikaona hata nisipogeuza gari hakuna kitakachoanguka. Nawapenda, dada. Usije ukasoma hapa ukaona siwapendi. Nilikuwa nimechoka mahali ambapo usingizi haufiki.

Jua likashuka na mimi nimekaa. Palikuwa kimya mno. Nikataka kusikia kitu, basi nikapiga honi, na mkono ukachagua wenyewe tena. Ikawa ya nyumbani. Moja fupi, kimya kidogo, mbili fupi. Ile ambayo mama alikuwa akiisikia anaweka maji jikoni, na baada yake ukawa unayaweka wewe.

Nilipiga ile moja. Kabla sijafika kwenye mbili, maziwa yakatoka. Yote mawili kwa pamoja, yakalowesha gauni mpaka mapajani. Ndipo mama mkwe nilipomwelewa. Nikakaa nimelowa, mkono uko juu ya usukani, na zile mbili sikuzipiga. Nikawasha gari nikageuza.

Na nilipofika kwenye kona yetu vilevile sikuzipiga. Ningempigia nani? Ndani ya nyumba hakuna anayeijua. Wanangu wangesikia gari tu.

Hayo ndiyo ya katikati. Baba watoto sijamwambia. Nitamwambia, magoti yake yakipoa.

Sasa sikia. Gari siliuzi. Nimemwambia Spana, akaniambia mtu wa kuku atalia. Alie. Biashara ya mkate siiwezi, niliwaambia hivyo kule kote, sikumdanganya mtu. Lakini mkono wangu hautalitoa likachinjwe, siku tatu tu baada ya lile beseni nilikuwa nimeshaamua, niliogopa kukuandikia. Kama kwa ajili hiyo hutakuja, nitakukosa. Nimekukosa miaka mingi, najua inavyouma, inauma zaidi jioni ninapomchana Bibi Kwa Nini nywele. Lakini usiniwekee gari upande mmoja wa mizani na wewe upande wa pili. Mimi sikulelewa hivyo, na aliyenilea ni wewe.

Mimi nimesema langu. Zamu yako.

Chembe


11 Septemba

Dada,

Shikamoo. Sijapata jibu. Huenda barua imepotea, huenda mtandao wa karatasi nao umekuwa mbaya.

Mdogo ametembea. Hatua nne, akakaa chini, akapiga makofi mwenyewe. Nilimwambia baba yao yale ya kule njia ya vumbi. Kesho yake aliamka kabla yangu, akawabeba wote wawili, akatoka nao, akafunga mlango. Nililala mpaka jua likanifikia usoni. Sasa kila akija anafanya hivyo siku moja, na mama mkwe naye ana siku yake.

Niandikie hata mstari mmoja. Hata wa kunigombeza.

Chembe


20 Oktoba

Mdogo wangu,

Marahaba, na marahaba ya ile ya Septemba. Barua haikupotea. Nilikuwa nayo kwenye mfuko wa eproni, imepigwa mvuke mpaka wino umevimba.

Bosi amerudi. Kovu limemkaa mkononi kama bangili. Wanangu wasalimie, yule aliyepiga makofi mwambie nami nimempigia.

Nilikuandikia mlango wa dobi unatazama geti la jikoni. Sikukuandikia kwamba kila asubuhi gari la mkate huingia pale. Dereva hupiga honi afunguliwe. Si honi ya baba, ni ya hovyo tu, lakini kila ikilia mikono yangu inasimama. Nimeunguza mashuka matatu kwa ajili hiyo. Bosi akaniuliza, mwanamume wako ndiye dereva? Nikamwambia ndiyo, kuliko kueleza.

Ujumbe wa kifo cha baba ulinifikia mmeshazika. Wewe ulimwona, ukamwosha miguu, ukarusha mchanga. Mimi nilikunja mashuka siku ile mpaka mwisho wa zamu. Kwa hiyo kwangu hakufa, Chembe. Amechelewa njiani tu. Nikija nikalikuta gari uani chini ya turubai na yeye hayupo, siku hiyo ndiyo nitamzika, na nitamzika peke yangu, kwa kuwa ninyi kulia mlishamaliza. Ndiyo maana nilitaka liondoke. Uani pakiwa patupu, ningeweza kusema ametoka nalo.

Hilo ndilo nililokuficha. Nilipoliandika sasa hivi nimeliona lilivyo.

Nilikuwa kama watu wa Ngazini. Uliposema yule mama alikaa kwenye ngazi na beseni lake, mimi nilikaa kwenye rundo la mashuka, Bosi akazima roli bila kuniuliza. Kule uliwaambia wao. Na mimi nikawa nimeambiwa.

Na kuhusu ile njia ya vumbi. Sikugombezi. Mimi ndiye niliyeishika nikaendelea nayo siku nilipoondoka kwetu, hukumbuki? Huku mbele hakuna kitu ambacho hujakiona ulipokaa pale. Kuna mchanga, kuna kazi, kuna jioni. Ulifanya vizuri kugeuza. Mimi sikuwa na maziwa ya kuniambia.

Siku zangu za mapumziko nimepewa. Basi linafika hapo kwenu asubuhi ya tarehe tano Desemba. Gari liache palepale, ila turubai litoe, nisije nikalifunua mwenyewe. Kisha unifuate nalo stendi. Usishuke. Stendi ina magari mengi na macho yangu yamechoka na mvuke. Piga ya nyumbani tu, nitakuja penye sauti.

Na nikifika, utalala. Nitawashika mimi wote wawili. Ukiona vidole chini ya mlango, ujue ni vyangu.

Dada yako


14 Novemba

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima, na safari hii salamu ni fupi kwa sababu watoto wataziongeza wenyewe kwa mdomo.

Turubai nimelitoa. Limekuwa pazia la choo cha Spana, amefurahi kuliko angepewa injini. Ameliosha gari na kukaza kila kilichotikisika. Anasema hatutamwamini, lakini hata yeye hakutaka kulichinja, alitaka tu lisiendelee kumtazama. Nimelifagia nyuma, ila zile chenga za pembeni nimeziacha.

Bibi Kwa Nini nimemfundisha ya nyumbani. Tunaipiga mezani kwa kijiko. Moja, kimya kidogo, mbili. Mwanzo alikuwa haungoji, anazipiga zote tatu kama mvua. Akaniuliza kwa nini hapo katikati kuna kimya. Nikamwambia ndipo aliye ndani anapopata nafasi ya kusikia. Sasa anangoja vizuri, na Mdogo anainua kichwa kabla ya zile mbili.

Kuhusu stendi, nimekusikia, sitashuka. Lakini sitaipiga yote. Ile ya kwanza niliipiga mwezi wa nne kule kwenye mchanga, na kimya chake bado hakijaisha. Stendi nitapiga hiyo moja tu. Ukiisikia, njoo ukae mbele. Kiti cha pembeni ni kitupu.

Zile mbili utazipiga wewe, tukifika kwenye kona yetu. Wa ndani wataweka maji jikoni.

Chembe